Kunguru Hafugiki, Lakini Huzoeana na Mtu: Niliyoyapitia Iringa

Nilihamishiwa Iringa Januari 2021 nikitokea Dar es Salaam, nikiwa na mwanangu wa darasa la nne, masanduku mawili na dharau ya siku nyingi dhidi ya kunguru. Aliyekulia Temeke hahitaji kuelezwa chanzo cha dharau hiyo. Kunguru wa Dar es Salaam, yule mweusi mwenye shingo ya kijivu, alitunyang'anya maandazi mikononi tukiwa njiani kwenda shule, alibeba vifaranga vya bibi yangu mchana kweupe, na alfajiri alianza kelele zake juu ya mwembe kabla hata ya adhana. Kwetu sisi hakuwa ndege wa kutazamwa, bali wa kufukuzwa kwa kandambili.

Nyumba niliyopanga Iringa ilikuwa na mkaratusi mrefu nyuma ya uzio, na juu ya mkaratusi huo walikaa kunguru wawili wasiofanana na wale niliowazoea. Walikuwa wakubwa zaidi, weusi wa kung'aa, na kila mmoja alikuwa na weupe uliotanda kifuani na kuzunguka hadi nyuma ya shingo, kama mtu aliyejitanda shuka. Huyu ni mmoja wa kunguru wa asili wa Afrika, anayeonekana katika miji mingi ya bara. Sikumjali kwa miezi mitano. Jumapili moja ya Juni, baridi ya Iringa ikiwa imenitia ganzi mikononi, nilikaa barazani na kikombe cha chai na karanga za kukaanga, nikarusha karanga moja uani kwa uvivu tu. Mmoja wao alishuka, akatua mbali, akaisogelea karanga kwa mwendo wa upandeupande kana kwamba alikuwa anaelekea kwingine kabisa, akaichukua na kuondoka. Nilikuwa mgeni katika mji ule, sina jamaa wala rafiki, na nakiri kwamba tukio hilo dogo lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Wiki tatu zilizofuata nilifanya karibu kila kosa linalowezekana. Nilikuwa narusha chakula kwa kunyanyua mkono juu, na kwa ndege aliyewahi kurushiwa mawe, mkono unaonyanyuka ni jiwe linalokuja, hata kama ndani yake mna karanga. Nilikuwa namkodolea macho, nikidhani kwamba namwonyesha mapenzi, ilhali kwa ndege anayewindwa jicho lisilobanduka ni la mwindaji. Nilimwekea chakula leo asubuhi, kesho jioni, keshokutwa nikasahau. Tena nilimpa chochote kilichobaki mezani: mkate, chipsi zenye chumvi, karanga za dukani. Matokeo yake ni kwamba walishuka nikiwa nimeingia ndani na kufunga mlango, basi.

Kilichobadilisha mambo ni utaratibu. Nilianza kuweka chakula saa kumi na mbili na robo asubuhi kila siku kabla ya kwenda kazini, juu ya jiwe lilelile bapa lililokuwa kwenye pembe ya ukuta, nikipiga mluzi uleule mfupi wa sauti mbili, kisha nikigeuka na kurudi mlangoni bila kuangalia nyuma. Chakula chenyewe kilikuwa karanga mbichi zisizo na chumvi, dagaa wachache niliowaloweka na kuwasuuza ili kupunguza chumvi, na mara moja kwa wiki nusu ya yai la kuchemsha. Kiasi chake hakikuzidi konzi moja kwa ndege wote wawili. Sababu ya kuweka kidogo si ubahili, kwa kuwa kilo moja ya karanga ilinitosha mwezi mzima na zaidi; sababu ni kwamba kunguru anayeshibishwa na mtu hukaribisha wengine, na chakula kinachobaki huleta panya. Niliongeza pia beseni la maji, na hapo niliona jambo lililonichekesha sana: kipande cha mkate mkavu alichookota kwa jirani alikuja kukichovya kwenye maji yangu, akasubiri kilainike, akala, kama mzee asiye na meno.

Mwishoni mwa Julai walikuwa wanashuka nikiwa bado nimesimama mlangoni. Mwanzoni mwa Septemba mmoja alikula nikiwa hatua tatu tu kutoka alipo. Huyo nilimwita Pengo, kwa sababu unyoya mmoja wa bawa lake la kulia ulikuwa umekatika na akiruka ilionekana nafasi pale. Dume na jike wa kunguru hawa hawatofautiani kwa kuwatazama, hivyo unyoya ule ndio uliokuwa kitambulisho changu pekee. Baadaye alipobadilisha manyoya na pengo likaziba, nilikaa wiki nzima nisijue yupi ni yupi. Wao walikuwa wananitambua mimi hata nikiwa sokoni, kwani mara mbili nilisikia mluzi wangu ukijibiwa kwa mkoromo kutoka juu ya paa la kibanda cha muuza viazi. Mimi nilihitaji unyoya uliokatika.

Majirani ni sehemu ya jambo hili, na yeyote anayetaka kuzoeana na kunguru aanze kwao kabla hajaanza kwa ndege. Mama mwenye nyumba, mtu mzima ambaye mimi na mwanangu tulimwita Bibi, aliniita siku moja na kusema kwa upole, "Mwanangu, mwanamke mgeni, anaishi bila mume, kila alfajiri anapiga mluzi kunguru wanashuka. Watu wana midomo." Sikuwa nimelifikiria hilo. Kunguru kwa watu wengi wa kwetu hatajwi mbali na uchawi, na mimi nilikuwa naendesha maonyesho kila asubuhi mbele ya watu wanaokwenda kisimani. Nilichofanya ni kuwaeleza waziwazi, nikamwalika Bibi mwenyewe akae barazani aone, na mwanangu akawa anawaleta wenzake wa shule. Jambo linalofanyika hadharani na watoto wakalicheka halikai sana kwenye umbea.

Vifaranga ndivyo vilivyokuwa na gharama ya kweli. Oktoba mwaka ule jirani wa upande wa pili alipoteza vifaranga vitatu kwa siku mbili, na wezi walikuwa haohao wageni wangu. Nilimlipa shilingi 7,500 bila ubishi, maana ni mimi niliyewazoesha kushuka karibu na nyumba za watu, nikamnunulia na tenga la kufunikia vifaranga mpaka wakomae. Bwana mifugo aliyekuja kuchanja kuku wake dhidi ya mdondo aliniongezea somo ambalo sikuwa nalo: maji ya ndege wa porini na maji ya kuku yasichanganywe, beseni lisuguliwe kila siku, na anayeshika vyombo hivyo anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu ndege wa porini na wa kufugwa huambukizana maradhi, na mengine humfikia hata binadamu. Tangu hapo beseni lilihamia juu ya ukuta.

Sasa nifike kwenye kosa lililonigharimu zaidi ya pesa. Septemba waliokota vijiti na vipande vya waya wakajenga kiota kwenye panda ya juu ya mkaratusi, na kuanzia hapo walibadilika. Walimshambulia paka wa jirani, wakamfukuza mwewe kwa kupokezana, mmoja nyuma na mwingine juu. Walizidi kuja kula, lakini kwa haraka na kwa zamu. Nilipaswa kuelewa kwamba majira ya kiota si majira ya kujisogeza. Badala yake nilijiona mwanafamilia.

Wiki ya kwanza ya Desemba, asubuhi baada ya mvua kubwa, nilikuta kinda chini ya mkaratusi. Alikuwa na manyoya karibu yote, mkia mfupi, weupe wa kifua ukiwa bado umechanganyika na uchafuuchafu wa rangi nyeusi, na alipoachama mdomo ndani palikuwa pekundu kama ua. Alisimama kwa miguu yake miwili akinitazama. Mimi niliona yatima aliyeanguka. Nilimfunika kwa kitenge, nikamwingiza ndani, nikamweka ndani ya boksi la viatu, nikampa maziwa kwa bomba la sindano na ugali uliolainishwa. Nje wazazi wake walipiga kelele mchana kutwa, nami nikadhani wanaomboleza.

Hawakuwa wanaomboleza, walikuwa wanamwita mtoto wao ambaye hakuwa na tatizo lolote. Kinda la kunguru huondoka kiotani kabla halijajua kuruka vizuri, na kwa siku kadhaa hukaa chini au kwenye matawi ya chini huku wazazi wakiendelea kulilisha na kulilinda. Mwenye manyoya na anayesimama mwenyewe aachwe alipo. Paka akiwa karibu, anyanyuliwe tu na kuwekwa kwenye tawi, kisha mtu aondoke. Ile imani kwamba mama atamkataa kwa harufu ya mkono wa binadamu haina msingi. Maziwa nayo hayamfai ndege, kwa sababu tumbo lake halina uwezo wa kuyasaga, na kimiminika chochote kinachomiminwa mdomoni mwake huweza kuingia moja kwa moja kwenye njia ya hewa, ambayo tundu lake liko nyuma kidogo tu ya ulimi. Haya yote niliyajua baadaye. Kinda alikufa usiku wa pili. Mwanangu alilia, nami nililia baada ya yeye kulala.

Kesho yake saa moja asubuhi nilimtoa nje kumzika, nikiwa nimemshika mkononi, wazi, bawa moja likining'inia. Sikuwa nimefika nusu ya uani nilipomsikia Pengo. Haukuwa mlio nilioujua. Ulikuwa mkali, wa kukatakata, usiokoma, na ndani ya dakika chache walifika kunguru ambao sikuwahi kuwaona: niliwahesabu kumi na wanne juu ya mkaratusi, paa la Bibi na nyaya za umeme. Waliendelea mpaka nilipokwisha kufukia, na mmoja alishuka karibu sana na kichwa changu hata nikasikia upepo wa mabawa yake. Niliingia ndani nikitetemeka.

Kuanzia siku ile nilikuwa adui. Nikifungua mlango, kelele. Nikienda kituo cha daladala, wananisindikiza kutoka mti hadi mti wakinitukana, na abiria wanashuhudia. Nilibadilisha nguo, nikajitanda kanga hadi kwenye nyusi, nikatembea na mwavuli bila mvua; mwavuli ukishuka tu, walinijua. Wakati huohuo Bibi alianika nguo zake chini ya mti uleule na hakuna aliyemjali, naye mwanangu alicheza mpira uani kwa amani. Kazini mwenzangu mmoja alicheka mpaka akashika meza: "Dada, si unajua kunguru hafugiki?"

Nilitafuta maelezo, na niliyoyapata yalitoka mbali. Mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle, Marekani, mtafiti John Marzluff na wenzake walivaa vinyago vya aina moja walipokuwa wakiwakamata kunguru saba na kuwafunga pete miguuni, kisha wakawaachia. Kwa miaka iliyofuata, yeyote aliyepita pale akiwa amevaa kinyago kile alipigiwa kelele, awe ni mtu gani na awe amevaa nguo gani, na waliopiga kelele walikuwa ni pamoja na kunguru ambao hawakuwahi kukamatwa. Walijifunza kutoka kwa wenzao. Katika chuo hichohicho Kaeli Swift aliwatumia watu waliovaa vinyago na kushika kunguru aliyekufa mahali ambapo kunguru walikuwa wakilishwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wiki sita baadaye baadhi yao bado waliipigia kelele sura ile hata ikija mikono mitupu. Hao ni kunguru wa Marekani, jamii nyingine kabisa, na sidai kwamba kila lililopimwa Seattle ndilo linalotokea Iringa. Lakini niliposoma habari ya mtu anayetembea mbele ya kunguru akiwa na maiti ya mwenzao mkononi, nilijiona mimi, na kitenge changu, na bawa lile linaloning'inia. Kwa hiyo namwomba msomaji alishike hili hata akiyasahau mengine: kunguru aliyekufa usimshike mbele ya walio hai. Subiri giza liingie, mfunike kabisa, vaa glavu au mfuko mkononi, na ikiwezekana aifanye kazi hiyo mtu ambaye hana urafiki nao wa kupoteza.

Kurudisha imani kulichukua muda mrefu kuliko kuijenga. Kwanza nilijaribu kuhonga: nyama, mayai, chakula mara tatu kwa siku. Waliofaidika ni paka. Ndipo nikaona kwamba jambo lililobaki ni kujiondoa. Mwanangu, ambaye hawakuwa na ugomvi naye, alichukua kazi ya kuweka konzi ileile ya karanga, saa ileile, kwenye jiwe lilelile, nami nilipiga mluzi nikiwa ndani nyuma ya pazia. Hiyo ilikuwa Januari 2022. Machi nilianza kusimama dirishani nikionekana nusu ya uso. Mei kelele zilipungua zikawa za mara mbili tatu, kama mtu anayeguna. Agosti niliweka chakula mwenyewe na Pengo, au mwenzake, alishuka nikiwa kwenye kizingiti. Hatua tatu za Septemba ya mwaka uliotangulia hazikurudi tena. Saba ndizo walizonipa, na hadi leo sijavuka.

Watu wengi hunialika niseme kwamba kunguru wangu huniletea zawadi. Ni kweli kwamba nilikuta juu ya jiwe kizibo cha soda, siku nyingine mfupa mdogo mweupe, na mara moja kipande cha hereni. Ningependa kuamini. Hata hivyo nimeona kwa macho yangu kunguru akija na kitu mdomoni, akaona karanga, akakiacha alichokuja nacho na kuchukua kilicho bora, hivyo sikujipa cheo. Kizibo ninacho, kipo kwenye sahani ya funguo.

Juni 2024 nilikwenda likizo Dar es Salaam kwa mama yangu, na asubuhi ya kwanza, kwa mazoea, nilitoka uani na karanga mkononi. Mjomba aliniuliza kama nimerukwa na akili. Nilianza kumweleza habari za Iringa, naye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Tangu umefika, umemwona ndege gani mwingine hapa?" Nikatazama. Hapakuwa na chiriku wala kwera. Wale wa shingo ya kijivu walijaa kila mahali.

Kunguru huyo si wa kwetu. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani, na aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Kutoka huko akaenea pwani, na Mombasa alianza kuonekana mwaka 1947. Alikula taka kweli, lakini alikula pia mayai na makinda ya ndege wengine, akawafukuza hata kunguru wa asili wenye kifua cheupe katika miji ya pwani. Mwezi huohuo niliokuwa likizo, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja wa aina hiyo kabla ya mwaka kwisha, kwa kutumia sumu inayowekwa kwenye chambo cha nyama. Nilirudisha karanga mfukoni. Ushauri wangu kwa aliyeko pwani ni kwamba amtazame kunguru wa shingo ya kijivu kadiri apendavyo, kwani akili anazo nyingi, lakini asimlishe. Kila konzi unayompa ni kinda la chiriku ambalo halitakua. Tena kunguru uliyemfundisha kuamini chakula kinachowekwa na mkono wa mtu ndiye atakayetangulia kwenye chambo.

Hata Iringa nilipunguza. Sasa ni karanga kumi tu, asubuhi, na siku za Jumapili hakuna. Mwanangu amekuwa mkubwa, yuko shule ya bweni, na mkaratusi ulikatwa matawi ya upande mmoja na watu wa umeme, lakini jozi ileile ingali juu yake. Jumamosi iliyopita mmoja alishuka, akala karanga mbili, akajaza nyingine kooni, akaruka hadi kwenye chungu changu cha maua barazani. Alichimba kwa mdomo, akaweka karanga moja, akachukua jani kavu, akalishika juu ya shimo bila kuliachia, akanitazama. Nami nilijua anachosubiri, kwa sababu nimemwona mara nyingi akifukua na kuhamisha akiba yake pale anapogundua kwamba ametazamwa. Nikainua kikombe changu, nikageukia ukuta.